Kiraka

Bati lilikuwa la biskuti, sasa lina kutu pembeni.
Mama aliliita benki, akalifunga kwa ukanda wa kanga kuukuu.
Ndani: sindano saba, moja haina tundu,
vifungo vya makoti ya watu wa reli,
na donge la nta ya nyuki wa Sikonge
lenye mifereji myembamba, kila mfereji
njia ya uzi uliopita ukienda kazini.

Chini kabisa, ndani ya stakabadhi ya tumbaku,
kipande cha merikani, upana wa viganja viwili.
Na juu ya merikani, kiraka.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikakipeleka dirishani.
Merikani ndiyo iliyokuwa fedha hapa Unyanyembe:
ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole,
na mwenye akili alimtuma sokoni ndugu yake mrefu.
Ilipanda toka pwani mabegani mwa vijana wetu,
mitumba iliyokazwa hadi ikawa migumu kama magogo.
Ikalipa hongo, ikalipa mahari, ikalipa pembe,
ikalipa, Mungu atuwie radhi, na watu.

Lakini kiraka si merikani.
Uzi wake mahali mnene, mahali mwembamba,
una madonge kama uji uliosahauliwa kukorogwa.
Hii ni pamba ya hapa Kwihara,
iliyochambuliwa kwa vidole, ikasokotwa pajani,
ikafumwa kwenye kitanda cha mfumi cha Mahona,
babu wa bibi yake mama.

Mama alinisimulia mara moja tu, pini zikiwa mdomoni,
kwa hiyo nusu ya habari sikuisikia.
Kwamba Mahona alikuwa na hasira za karibu,
hakutaka hata salamu akiwa anahesabu nyuzi.
Kwamba mama yake Mahona alivaa gome la myombo
lililopondwa kwa nyundo ya mti mpaka likalegea.
Kwamba siku mkewe, Nyamizi, aliporudi na shuka ya merikani,
nyeupe, nyepesi, pana kuliko kitanda chake chote,
aliigusa kwa kidole kimoja akasema,
"Haina mtu ndani,"
akarudi kufuma.
Miaka mitatu baadaye kitanda kilikuwa kuni.

Hapo pini zikaisha mdomoni, na hadithi nayo.

Basi nani alishona hapa?
Nani aliyepasukiwa na fedha
akaiziba kwa kile ambacho fedha ilikiua?
Kama ni Nyamizi, alikuwa akimcheka mumewe,
au alikuwa hana kitambaa kingine tu?
Nahesabu mishono. Arobaini na mmoja.
Upande mmoja imenyooka kama tuta la shamba.
Upande wa pili inayumba:
labda kibatari kilikuwa kinakata roho,
labda mtoto alilia, labda yeye.

Mshono wenyewe naujua. Mama aliuita unyayo wa kware,
hatua tatu mbele, moja nyuma.
Shuleni misheni mwalimu wake aliufumua mara mbili,
akasema huo si mshono, kitabuni haumo.
Mama akauhamishia ndani ya pindo,
mahali ambapo wakaguzi hawafiki.

Leo Jumamosi. Kabula amechana sketi kwenye mpera wa jirani,
na ndiyo sketi pekee.
Nimenunua suruali ya mitumba kwa ajili ya viraka.
Mitumba: neno lile lile, ila safari hii
imeshuka kwenye lori, na kiunoni
kuna jina la mtu kwa wino, halisomeki.
Nalikata jina lile kwa uangalifu, sijui kwa nini,
nalitia kwenye bati.

Kisha napitisha uzi kwenye nta.
Tatu mbele. Moja nyuma.
Kabula amechuchumaa mbele yangu na chupi yake ya njano,
anauliza, mbona kila mara unarudi, mama,
si utachelewa kumaliza?

Nina pini mdomoni.